Usitupe Manyoya ya Kuku

Siku moja baada ya Idi au Krismasi, pita Mbagala, Chamazi au Bunju. Utaona manyoya ya kuku kila mahali. Mengine yamo mferejini, na mvua ikinyesha mfereji unaziba. Wengine huyachoma. Moshi wake unanuka kama nywele zinazoungua, na jirani ananung'unika. Ana haki.

Manyoya hayo ni mbolea. Kilo 1 ya manyoya makavu ina kiasi cha gramu 130 hadi 150 za naitrojeni. Naitrojeni ni chakula cha mimea. Hufanya majani yawe ya kijani na yakue. Kilo 1 ya samadi kavu ya ng'ombe kwa kawaida haifiki gramu 30.

Lakini unyoya hauozi upesi. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Nilifukia manyoya mabichi katika tuta la mchicha. Baada ya wiki nne nilivuna mchicha mwembamba, wa manjano. Nilipochimba, nilikuta manyoya mazima kama siku ya kwanza.

Kwa hiyo yaozeshe kwanza. Chimba shimo lenye kina cha magoti, mbali na kisima. Loweka manyoya katika ndoo usiku mmoja, maana unyoya mkavu hukataa maji. Weka jiwe juu yasielee. Tandaza majani makavu shimoni. Juu yake tandaza manyoya, tabaka jembamba tu. Ukiyarundika yatashikana kama mkeka. Kisha weka kinyesi cha kuku, halafu udongo wa vidole vinne kuzuia inzi na mbwa. Nyunyiza maji, funika kwa makuti. Ukichinja tena, ongeza tabaka jingine. Geuza kila mwezi. Ukianza Oktoba, masika ya Machi utakuwa na mboji. Vijiti vya manyoya ya mabawa huchelewa, virudishe shimoni. Mwenye migomba anaweza kuyafukia karibu na shina bila kungoja. Mgomba una subira kuliko mchicha.

Usiwalishe kuku manyoya mabichi. Viwandani hupikwa kwanza kwa mvuke mkali, ndipo husagwa. Sufuria ya nyumbani haiwezi kazi hiyo. Na wewe unayechokonoa sikio kwa unyoya, acha. Unyoya huo upakie mafuta mnyororo wa baiskeli.

Sasa soma hapa polepole. Manyoya ya kuku mgonjwa hayaingii shimo la mboji. Vijidudu vya mdondo hukaa katika kinyesi na manyoya. Upepo, mbwa na viatu huvipeleka banda la jirani. Kuku akizubaa, akishusha mabawa, akiharisha kijani au akipinda shingo, usimchinje wala usimuuze. Akifa, mfukie pamoja na manyoya yake yote katika shimo la kina cha kiuno. Kisha mwite ofisa mifugo wa kata.

Mdondo hauna dawa, una chanjo. Chanjo ya I-2 hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ni tone 1 katika jicho 1 la kuku mzima, kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, na kikifunguliwa hakikai muda mrefu. Kubalianeni na majirani, mchangie kichupa, mchanje siku moja.