Seva mpya si dawa vikomo vya kumbukumbu visipokaguliwa

MFANYABIASHARA wa Navakholo anayefunga safari hadi mjini Kakamega kulipia leseni, kisha akaambiwa kwamba "mitambo imelala", hupoteza nauli na mauzo ya siku nzima. Lawama huelekezewa mtandao. Ni nadra mtu kuuliza kilichojiri ndani ya seva yenyewe.

Swali hilo limepata uzito tangu Juni 30, 2023, Rais William Ruto alipozindua zaidi ya huduma 5,000 za serikali kupitia eCitizen. Hata mwezi haukuwa umeisha kabla ya jukwaa hilo kutatizika, na Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo, akaeleza kuwa wavamizi walilimiminia maombi kupita kiasi. Lilikuwa shambulizi, ila umati wa walipaji halali siku ya mwisho ya kulipa ada waweza kuielemea seva ya kaunti vivyo hivyo.

Katika kila seva ya Unix au Linux mna keneli, yaani kiini cha mfumo, ambacho huzigawia programu kumbukumbu kwa vikomo maalumu. Kwa miaka mingi Linux ilikuja na kikomo kiitwacho shmmax, cha megabaiti 32 tu kwa kila kipande cha kumbukumbu ya pamoja. Asasi ingeweza kununua seva yenye gigabaiti 16, na bado hifadhidata ikakataa kuanza kwa kuomba zaidi ya kiwango hicho. Toleo la 3.16 la mwaka wa 2014 lilikipandisha mno hata kikawa kama hakipo, lakini seva kuukuu ambazo hazijarekebishwa zingali nacho. Hata kwenye mitambo ya sasa, programu nyingi hufungiwa katika vizimba, kila kimoja na mgao wake. Kumbukumbu ikiisha, kiini huchagua programu ya kuua, mara nyingi ile iliyomeza kumbukumbu nyingi zaidi. Hiyo huweza kuwa hifadhidata, moyo wa huduma yote.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji zabuni. Amri ya "ipcs -l" huonyesha vikomo vya kumbukumbu ya pamoja, "ulimit -a" huonyesha vile vya programu mojamoja, nayo "dmesg" hufichua zilizouawa. Kazi ngumu ni kupima mzigo wa siku ya msongamano na kuamua kila programu ipewe kiasi gani. Kuondoa vikomo vyote kiholela nako ni hatari, kwani programu moja yenye kasoro yaweza kuzinyima nyingine zote.

Kakamega haina uhaba wa wajuzi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2007, hufunza taaluma ya kompyuta mjini humo humo. Hivyo basi, kabla ya kuidhinisha fedha za mashine kubwa zaidi, wawakilishi wa wadi wangefaa kuitisha karatasi moja tu: vikomo vya seva iliyopo, na tarehe vilipokaguliwa mara ya mwisho.