SADAKA YA IJUMAA NA NGAZI ZA DUKA LA DAWA

 

Ndugu Waislamu, kila Ijumaa baada ya swala watu wenye ulemavu hujipanga milangoni mwa misikiti, na waumini huwatilia sarafu mikononi, kisha kila mmoja hushika njia yake akiamini kuwa haki imekwisha tolewa. Miongoni mwa watoaji hao wamo wenye maduka ya dawa. Jumamosi asubuhi, yule aliyepewa sarafu akienda na kiti chake cha magurudumu katika duka la mtoaji wake, atakuta ngazi tatu zisizo na mteremko, na juu ya ngazi kaunta ndefu yenye dirisha la nondo. Atabaki barabarani akipaza sauti, akitaja maradhi yake mbele ya wauza matunda na madereva wa bodaboda, mpaka mpita njia amhurumie na kumchukulia cheti. Tunauliza: sarafu ile ya jana ilikuwa sadaka, au ilikuwa bei ya kumnyamazisha?

Wako wanaojibu kwa Qur'ani. Wanasema Allah mwenyewe amewaondolea dhiki kipofu, kiwete na mgonjwa, katika Suratun-Nuur na Suratul-Fat-h, basi wabaki majumbani na ndugu zao wawatumikie. Huku ni kuigeuza aya kichwa chini. Aya hizo zimewaondolea wao uzito. Hazikumwondolea mwenye duka wajibu wake. Na kama wanataka aya inayomhusu mwenye duka, basi wafungue Suratu 'Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa haoni. Uso uliokunjwa mbele yake hakuuona, wala hakulalamika, na juu ya hayo lawama ikateremka kutoka mbinguni, nayo inasomwa mpaka leo. Akawa baadaye muadhini wa Mtume (s.a.w.), na Mtume alipotoka Madina alipata kumwachia mji mikononi mwake. Mtu wa namna hiyo akiingia leo katika famasi zetu, mtoa dawa humpita kwa macho na kumwuliza aliyemshika mkono: "Huyu anaumwa nini?"

Tuingie ndani ya duka, maana ngazi ni nusu tu ya habari. Wanazuoni wa fiqhi wamekataza kuuza kitu ambacho mnunuzi hakijui. Sasa mtu asiyeona anapewa vibahasha viwili vya vidonge vinavyolingana kwa ukubwa, kimoja cha shinikizo la damu, kingine cha kisukari, juu yake pameandikwa kwa kalamu "1x3" na "1x1". Fedha imepokewa, lakini je, ujuzi wa dawa umemfikia? Akikosea vibahasha usiku, dhamana ni ya nani?

Na kiziwi? Hapa ndipo tunapoona haya zaidi. Dada yetu asiyesikia, mwenye maradhi ya siri ya kike, hulazimika kuja na mwanawe wa kiume wa miaka kumi ili amfasirie, kwa kuwa dukani hakuna ajuaye hata ishara moja ya lugha ya alama, wala hakuna anayejisumbua kutoa karatasi na kalamu. Sitara ya Muislamu imevuliwa mbele ya mtoto wake. Majalla, ile sheria ya Kiislamu iliyokusanywa na dola ya Uthmania katika karne ya 19, ilikwisha tamka katika kifungu chake cha 70 kuwa ishara inayofahamika ya bubu ina hukumu ya maneno ya ulimi. Fiqhi imeipokea ishara yake katika mikataba. Kaunta ya dawa inaikataa.

Tusisahau pia wanakokwenda wale wanaoshindwa kuingia. Mimbari zetu hupiga vita hirizi na makombe, na ni haki. Lakini mganga humfuata mgonjwa mpaka kitandani, hukaa naye mkekani na kumsikiliza. Anayemfungia mtu mlango wa tiba ya halali asishangae kumkuta katika mlango wa shirki.

Hoja inayobaki ni gharama. Tunaikataa. Ngazi moja ya kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wa saruji wenye urefu wa takriban mita 1.8. Palipo na ngazi nyingi na barabara nyembamba, kengele iwekwe chini, kimo cha mtu aliyeketi, na mtoa dawa ashuke. Rababendi moja kwenye chupa ya kunywewa mara moja kwa siku na mbili kwenye ya mara mbili ni bei ya peremende. Maelezo yaweza kurekodiwa kwa sauti katika simu ya mteja mwenyewe. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliagiza mwaka 2004 jina la dawa liandikwe kwa nukta nundu juu ya boksi lake. Wasiokuwa Waislamu wamelifanya hilo bila ya kusomewa Suratu 'Abasa.

Na hapa nchini? Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanza mkoani Ruvuma, wenye maduka walitakiwa kurekebisha majengo na kuwapeleka watoa dawa mafunzoni. Walifanya, kwa kuwa leseni ilikuwa rehani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inataka huduma za umma ziwafikie, ila kwa kuwa mkaguzi haji na futi mkononi, ngazi zimebaki pale pale. Zamani muhtasib aliwakagua wauza dawa katika miji ya Kiislamu. Al-Shayzari aliwaandikia mlango wao katika kitabu chake cha hisba cha karne ya 12. Na wanahistoria wanasimulia kuwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik alimpa kila kipofu kiongozi wa kumshika mkono, na kila kiwete mtumishi.

Tunazitaka kamati za misikiti ziirudishe hisba hiyo. Kabla ya Ijumaa ijayo, watu wawili, mmoja wao mwenye ulemavu, wapite katika kila duka la dawa la muumini lililo karibu na msikiti, wapime ngazi, waangalie kaunta, waulize ni nani ajuaye lugha ya alama, na majibu yasomwe baada ya swala. Wala mwenye duka asije na bakuli kuomba zaka ya kujengea mteremko. Zaka ina watu wake wanane, naye hayumo. Saruji atainunua kwa faida yake mwenyewe.