Gari Linalong'aa na Haki ya Mnunuzi



Miezi michache iliyopita tuliombwa na familia moja tuisindikize kulitazama gari lililotumika, ambalo walikusudia kulinunua kwa akiba ya miaka sita. Gari lilikuwa jeupe, limeoshwa, linang'aa kama bibi harusi. Mwenye mali aliapa kwamba halijapata kugongwa. Sisi hatuna ufundi wa gereji, ila tulifuatana na fundi bodi mmoja mzee, na aliyotuonyesha siku ile tunaona si haki kuyafungia kabatini.

Kwanza alikataa kulitazama gari likiwa bado limelowa. Maji, alisema, huficha mawimbi ya bati. Lilipokauka alichuchumaa nyuma, akatazama ubavuni jinsi taswira ya ukuta ilivyopita juu ya rangi. Mlango wa mbele taswira ilinyooka. Wa nyuma ikapindapinda. Akapima kwa kidole nafasi iliyopo kati ya milango: juu nyembamba, chini pana. Akafunua mpira wa mlango, na pembeni mwake palikuwa na vumbi la rangi, jambo ambalo kiwandani halitokei. Nati za bawaba nazo zilikuwa zimechubuka, ishara kwamba spana ilikwisha kupita hapo.

Mwisho akatoa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Juu ya paa ilinata sawasawa. Chini ya mlango wa nyuma ilianguka. Hapo palikuwa na puti nene. Alituonya, hata hivyo, tusimhukumu mtu kwa sumaku peke yake: bampa nyingi ni plastiki, na baadhi ya magari yana boneti ya aluminiamu, na humo sumaku haishiki kamwe. Kuna pia kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 180 hivi. Puti inaweza kuzidi maikroni 1,000, yaani milimita nzima.

Sasa tuseme tunavyoamini. Puti si kosa. Ikipakwa nyembamba juu ya bati lililonyooshwa vizuri, ni kazi halali ya mikono. Ubaya huanza inapojazwa juu ya kutu. Hupasuka, maji huingia, na kutu huendelea kula mahali asipoona mtu. Na sehemu ya chini ya milango ni miongoni mwa zile zinazowakinga abiria gari linapogongwa ubavuni. Anayeficha hapo hauzi bati bovu tu.

Wako wanaotujibu kwamba biashara ndivyo ilivyo, mnunuzi afumbue macho. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilijadili jambo hili katika karne ya 13, akatoa mfano wa farasi mwenye jicho moja: kasoro inayoonekana wazi muuzaji halazimiki kuitangaza, iwapo bei imepunguzwa ipasavyo. Iliyofichika, yenye kuleta hasara au hatari, analazimika kuisema. Hatuoni kwa nini gari liwe na sheria nyepesi kuliko farasi. Hata minadani Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, karatasi ya ukaguzi huandika herufi W penye alama ya matengenezo ya bodi. Kwa hiyo ukweli mara nyingi ulikwisha kuandikwa, umepotezwa njiani. Mnunuzi na aiombe karatasi hiyo, bila kuona haya.

Mwenye gari alipoonyeshwa sumaku alikasirika, kisha akanyamaza, kisha akashusha bei. Familia ilikataa, kwani apizo lake ndilo lililowaudhi zaidi. Wiki tatu baadaye walinunua jingine, la bluu iliyofifia, lenye mbonyeo kwenye madigadi ambao mwuzaji aliwaonyesha kabla hawajauliza. Mbonyeo huo upo mpaka leo. Wanasema watalinyoosha baada ya kulipa ada za watoto.