Wamekupigia simu tu, na wewe umeshaacha kazi?

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya kuhamisha hifadhidata. Itakuja. Leo nina hasira na nisipoitoa hapa nitaitolea watu nyumbani.

Juzi kijana mmoja niliyemtangulia chuoni alinipigia simu, furaha tele. Amepata kazi Nairobi, mshahara karibu mara mbili, na jioni hiyo hiyo anapeleka barua ya kuacha kazi yake hapa Machakos. Nikamuuliza, barua ya kazi mpya unayo? "Bado, kaka. Wamesema itafuata. Wanataka kwanza waone nimejiuzulu."

Nilikaribia kuirusha simu ukutani.

Ngoja niwaeleze kwa nini. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa natunza mfumo wa ofisi moja hapa mjini. Kazi isiyo na makuu, lakini mshahara ulikuwa unaingia bila kukosa. Kampuni changa ya Nairobi ikanihoji mara tatu kwa video, ikanipa programu ndogo ya kuandika, ikaisifu. Jumatatu moja afisa wao akapiga simu: umepita, unaanza tarehe moja, peleka notisi leo. Nikapeleka. Wiki ya tatu ya notisi ikaja barua pepe ya mistari minne: mradi umeahirishwa, tunakutakia kila la heri. Nikamrudia bosi wangu. Alikuwa ameshaajiri mtu mwingine, tena mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namfundisha kazi! Nikakaa miezi mitano kwa wazazi kule Kathiani, huku mkopo wangu wa sacco ukiwaangukia wadhamini. Wawili kati yao walikuwa wenzangu wa ofisi ile ile niliyoiacha. Hadi leo mmoja wao akinisalimu anasalimu nusu nusu. Mama aliniuliza swali moja tu: "Hao watu uliwaona wapi, mwanangu?"

Kila ninayemsimulia hili anasema walikuwa matapeli. Hapana! Ofisi ilikuwepo, kibao kilikuwepo mlangoni, wafanyakazi walikuwepo. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani kuhakiki kazi ni kuangalia kama kampuni ipo. Kampuni inaweza kuwepo na kazi isiwepo.

Mfano mkubwa: mnamo Juni 2022 Coinbase, kampuni ya Marekani iliyo kwenye soko la hisa la Nasdaq, ilifuta nafasi za watu waliokuwa wameshazikubali na wengine wameshaaga walikotoka. Coinbase angalau ilisema itawapa kitu cha kuwafidia. Mimi nilipewa "kila la heri". Na hapa kwetu, mwezi huo huo wa Juni 2022, Kune Food ya Nairobi ilifunga, mwaka mmoja tu baada ya kutangaza kwamba imepata dola milioni 1 za wawekezaji. Sendy ikafuata mwaka 2023. Hizo hazikuwa kampuni za mfukoni. Fedha ziliisha, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi waandishi wa programu ndio tunaoanguka kama nazi. Mteja akijaza fomu tunakagua kila herufi: nambari ya simu ina tarakimu ngapi, tarehe ni halali, kuna mtu anajaribu kupenyeza amri kwenye hifadhidata? Hatumwamini mtumiaji hata kidogo, na ndivyo tulivyofundishwa. Kisha mtu asiyejulikana anapiga simu, anasema neno "mshahara", na tunafungua milango yote. Ungemwacha mwanafunzi wa mafunzo kazini aweke programu kwenye sava ya wateja bila kuijaribu? Kuacha kazi ni kubaya zaidi, kwa sababu programu unaweza kuirudisha ilivyokuwa jana.

Notisi hairudi hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, inasema anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya maandishi ya siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Ukishaipeleka, kuiondoa ni kwa hisani ya mwajiri. Halazimiki kukurudisha. Halafu huko uendako kifungu cha 42 kinamruhusu mwajiri akuweke kwenye majaribio hadi miezi 6, na katika muda huo mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 7. Pima hapo: umetoka kwenye siku 28, unaingia kwenye siku 7, na hata hizo 7 zinaanza kuhesabika ukiwa na mkataba.

Kwa hiyo barua kwanza. Barua yenye cheo, mshahara, tarehe ya kuanza, na sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kuajiri. Isome hadi mwisho, hasa pale wanapoandika kwamba nafasi inategemea jambo fulani: idhini ya bodi, fedha za mfadhili, uchunguzi wa vyeti, majibu ya daktari. Kila sharti la namna hiyo ni mlango ambao wao wanaweza kutokea na wewe huwezi. Uliza kwa maandishi: sharti hili limeshatimizwa? Wakijibu bado, na wewe notisi yako bado. Mimi sikuuliza, kwa sababu sikuwa na barua ya kusoma.

Barua ikishafika, ikague ilikotoka. Hapa ndipo ufundi wetu unapofaa. Soma anwani ya aliyetuma herufi kwa herufi, kwani i na l zimewaliza wengi. Angalia jina la tovuti lilisajiliwa lini. Yale yanayoishia .ke utayatafuta KENIC, na mengine kwenye huduma za usajili zilizo wazi kwa kila mtu. Kampuni inayojigamba kuwa na miaka kumi sokoni halafu jina lake la mtandaoni lina wiki sita, hiyo ina maswali ya kujibu. Fungua vichwa kamili vya barua pepe na uone jibu lako litaenda wapi. Wakati mwingine barua inaonekana imetoka kwa kampuni ila majibu yanaelekezwa kwenye anwani ya Gmail.

Na tafadhali, msinitumie picha za SPF na DKIM zilizopita vizuri mkisema barua ni halali. Vipimo hivyo vinakuambia barua imetoka kweli kwenye jina hilo la mtandao. Havikuambii jina hilo ni la nani! Tapeli akisajili jina linalofanana na la benki na kuiweka sava yake sawasawa, barua zake zitapita bila doa.

Ndiyo maana hatua ninayoithamini kuliko zote haihitaji tarakilishi. Tafuta mwenyewe nambari ya simu ya kampuni, usitumie iliyo kwenye barua. Piga, omba kuunganishwa na HR, uliza kama aliyetia sahihi anafanya kazi hapo na kama wanaitambua barua yako. Kutoka Machakos hadi Nairobi ni kilomita sitini na kitu. Kwa kazi itakayokulisha miaka, nauli ya matatu imekushinda? Nenda, kaa pale mapokezi, wasalimie.

Kama ni kampuni ya Kenya, kwenye eCitizen unaweza kuomba hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kama ni wakala anakutafutia kazi, lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kazi za ng'ambo ndizo za kuogopa zaidi. Tangu 2022 Wizara ya Mambo ya Nje imekuwa ikiwaonya Wakenya kuhusu kazi za kompyuta na huduma kwa wateja nchini Thailand, ambazo ziliwafikisha vijana wetu Myanmar kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni. Nao walikuwa na barua. Na ukiombwa pesa ya M-Pesa ya "faili" au ya bima ya kipakatalishi, mazungumzo yameisha.

Najua jibu lenu. "Ukiuliza sana watampa mwingine." Nimelisikia hadi nimechoka. Kampuni iliyotumia wiki tatu kukuhoji haitakutupa kwa sababu umeomba karatasi. Na ikikutupa, umejua mapema kwamba mshahara ukichelewa hutaruhusiwa kuuliza. Wanaotuambia kuuliza ni ukosefu wa adabu ni wao hao wanaodai vyeti vyetu, wadhamini watatu, cheti cha polisi cha tabia njema na nambari ya KRA kabla hata ya kutupa kiti. Wao wakituchunguza ni utaratibu, sisi tukiwachunguza ni dharau?

Na huyu mwajiri anayetaka kuona barua ya kujiuzulu kabla ya kutoa barua ya kazi, mimi simwelewi kabisa. Anataka uwe huna pa kurudi ndipo mzungumze mshahara. Ukiwa huna pa kurudi utakubali chochote, naye analijua hilo.

Tukirudi kwa kijana wangu. Nilimwomba asubiri, akaninunia kidogo, ila akasubiri. Jumanne akapiga simu mapokezi kwa nambari aliyoitafuta mwenyewe. Kampuni ipo, afisa yupo. Akaomba barua. Wakasema wataituma Alhamisi.

Leo ni Jumamosi, haijafika. Yeye asubuhi alikuwa zamu, ameniandikia kutoka kwenye meza yake ile ile akiniuliza kuhusu hitilafu ya printa.