Mbegu isiyo na mkia

Jumapili iliyopita nilimtembelea rafiki yangu mtaani Kaloleni. Tukiwa tumeketi nje ya nyumba, mwanawe wa sekondari alitujia na daftari la biolojia. Alikuwa amechora mbegu ya kiume: kichwa na mkia mrefu.

"Baba, mbegu za wanyama wote ziko hivi?"

Rafiki yangu alikohoa. "Mambo hayo kamuulize mwalimu!"

Kijana akaondoka kimya.

Msomaji mpendwa, swali lile lilikuwa zuri, na huenda jibu lilikuwa katika maganda ya ndizi yanayooza nyuma ya nyumba.

Katika uozo kama huo huishi mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1 tu. Elie Dolgin, Marie-Anne Félix na Asher Cutter waliwachunguza waliopatikana Nairobi na Limuru. Ripoti yao ya mwaka wa 2008 waliipa jina la mzaha, "Hakuna Nematoda". Nematoda ni jamii ya minyoo hao.

Mbegu za mnyoo huyu hazina mkia. Haziogelei, bali hutambaa kwa kujivuta kama amiba.

Tena hazilingani kwa ukubwa. Wengi wa minyoo hawa ni huntha: kila mmoja hutengeneza mbegu zake zipatazo 300, kisha mayai, akajitungisha mwenyewe. Mbegu hizo ni ndogo, kwani aghalabu hazina mpinzani. Madume ni wachache, lakini mbegu zao ni kubwa zaidi. Dume akimpanda huntha, mbegu zake huzisukuma zile ndogo kando na kuyawahi mayai.

Mwaka wa 2002, Craig LaMunyon na Samuel Ward walieleza jinsi walivyowalea minyoo hawa kwa vizazi 60, mbegu za madume zikishindana vikali. Mwishowe ukubwa wa mbegu uliongezeka kwa karibu asilimia 20. Naam, ushindani ndio uliozibadilisha.

Mzazi mwenzangu, kuna aibu gani hapo? Mtoto anayenyamazishwa nyumbani atakwenda kuuliza vichochoroni, na huko ataambiwa lolote.

Kabla ya kuaga nilimwita kijana, nikamweleza haya yote. Baba yake alijifanya anasoma gazeti. Punde si punde akasogeza kiti.

"Hebu rudia," akasema. "Zinatambaa vipi?"