Hitilafu Ndogo Zisiwafukuze Wanafunzi Darasani

Tangu Machi 2020, serikali ya Kenya ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya maradhi ya Korona, masomo kwa njia ya intaneti yamekuwa jambo la kawaida nchini. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kikapewa hati ya kufundisha kwa njia hiyo. Kwa kijana wa Siyu, kisiwani Pate, ambaye safari yake ya kwenda Lamu ni ya chombo na hutegemea maji kujaa, hii ni neema kubwa: aweza kusoma shahada bila ya kuuhama mji wake.

Hata hivyo, neema hiyo yaweza kuharibiwa na mambo madogo mno. Mwanafunzi husahau nywila, asijue kwamba aweza kuibadilisha mwenyewe. Kazi aliyoipiga picha kwa simu hukataliwa kwa kuwa faili ni kubwa kupita kiasi. Mhadhara hukatika kwa sababu bando limekwisha. Mwalimu aliye mbali huona tu kwamba kazi haikuletwa, akatoa sifuri. Sifuri hiyo haikupima akili wala bidii ya mwanafunzi. Imepima simu yake.

Wako wasemao kwamba mwalimu si fundi wa mitambo. Ni kweli kwamba mwalimu hawezi kusimamisha mnara wa simu. Lakini shida nyingi tulizozitaja si za mnara. Ni za matumizi na maelezo. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ilisifika kwa wanazuoni wake na wanakili wa misahafu. Hapana mwanakili awezaye kuitenga kazi yake na karatasi, wino na kalamu. Vivyo hivyo, kujua kukitumia chombo cha kusomea ni sehemu ya kusoma, na kukifundisha ni sehemu ya kufundisha.

Tatizo jingine ni la lugha. Mwanafunzi husema, "Mtandao umekataa." Kauli hiyo yaweza kuwa na maana nne: simu haishiki mawimbi, bando limekwisha, nywila si sahihi, au faili ni kubwa. Kila moja ina tiba yake, na mgonjwa asiyeweza kueleza aumwapo hupewa dawa isiyomfaa. Istilahi si haba: tunayo nywila, kivinjari, kupakia na kupakua. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba kompyuta yaweza kusema Kiswahili. Lililobaki ni kuwafundisha wanafunzi maneno hayo.

Hata saa huleta balaa. Mwalimu akiandika kwamba kazi iletwe kabla ya 12:00, anakusudia saa sita mchana. Anayeisoma kuwa saa kumi na mbili jioni atachelewa kwa saa sita kamili.

Kwa hiyo, juma la kwanza la kila kozi litengwe kwa mazoezi yasiyo na alama: kila mwanafunzi aingie katika mfumo, abadilishe nywila na kupakia faili ya mstari mmoja. Mihadhara itolewe pia kwa sauti. Saa moja ya video ya kilobiti 1,000 kwa sekunde hula megabaiti 450; saa moja ya sauti ya kilobiti 64 haifiki hata 30. Muda wa mwisho uandikwe kwa maneno, pamoja na kutaja kama ni asubuhi, mchana au usiku.

Wanafunzi nao wana wajibu wao. Wasingoje dakika ya mwisho. Hitilafu ikitokea, wapige picha ya skrini, waandike saa na maneno yaliyotokea, kisha wamwarifu mwalimu kabla ya muda kwisha. Mwalimu naye, akiletewa ushahidi huo, aupokee kwa uadilifu.

Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi, zahitaji nia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni kijana mwenye akili aliyeacha masomo kwa sababu ya nywila.