Neno kwa Waonao Haya Kuandika

Bwana Mhariri,

Yako maradhi katika kundi letu makarani, nayo ni kimya. Mtu akihamishwa kwenda wilaya nyingine huaga wenzake kwa huzuni. Hata mwaka ukipita hana habari nao. Siku atakapo kupandishwa cheo, ndipo akumbukapo kalamu: "Ndugu yangu mpenzi, ni siku nyingi." Mstari wa pili tayari ni ombi. Je, huo ndio udugu? Huo ni uchuuzi.

Wengine husema, "Nimenyamaza mno, sasa naona haya." Haya hiyo ni kiburi kilichovaa kanzu ya adabu. Mwenzio akinyamaza nawe ukanyamaza, nani atamwanza mwenzake? Wengine hujikinga kwa methali: fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, walakini barua si fimbo.

Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, alichokianzisha Martin Kayamba huko Tanga mwaka wa 1922, kiliunganisha Wakristo na Waislamu, watu wa makabila mbalimbali waliokutanishwa na kazi. Kazi hukutanisha, na kazi hutawanya. Jamaa wa namna hiyo hawashikamani ila kwa kuandikiana.

Basi kila asomaye na amwandikie mwenzi mmoja aliyepotezana naye. Ataje jina lake, mahali walipofanya kazi pamoja, na habari zake kwa ufupi. Asiombe kitu. Kama ana haja, na ingoje barua ya tatu.

Wako katika kazi,
Karani